Bawasiri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi. Mpaka mtu anafika kwa daktari, ameshamaliza tyubu kadhaa za krimu na chupa ya dawa ya mitishamba, na mara nyingine inaonekana tatizo halikuwa bawasiri tangu mwanzo. Majibu yafuatayo ni ya mtu mzima anayetaka kujua la kufanya nyumbani, la kufanya hospitali, na dalili zisizofaa kusubiriwa.

Bawasiri ni nini hasa?

Kila mtu anazaliwa na vitakia vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Vikubwa ni vitatu: kimoja upande wa kushoto, viwili upande wa kulia, mbele na nyuma. Vinasaidia kuziba njia ili hewa na choo chepesi visivuje. Bawasiri ni pale vitakia hivyo vinapovimba, nyuzi zinazovishikilia zinapolegea, na vyenyewe vinapoanza kuteleza kushuka.

Takriban sentimita 2 kutoka mlangoni kuna mstari unaogawa njia hiyo. Juu ya mstari hakuna neva za kuhisi maumivu kama ya ngozi, ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu bila kuuma. Chini yake ni ngozi kamili yenye hisia zote, na bawasiri ya nje ikivimba huuma kweli. Ukilielewa hilo moja, mengi yanayofuata yatakuwa rahisi, hata sababu ya daktari kuweza kufunga bawasiri ya ndani bila ganzi.

Daktari aliniambia nina "daraja la pili". Maana yake nini?

Madaraja ni ya bawasiri ya ndani tu. La kwanza: inavuja damu lakini haitoki nje. La pili: inatoka unapojisaidia, kisha inarudi yenyewe. La tatu: inatoka na hairudi mpaka uisukume kwa kidole. La nne: iko nje muda wote, hata ukiisukuma haikai. Daraja linasaidia kuchagua tiba, ila halipimi mateso. Yuko mwenye daraja la kwanza anayepoteza damu nyingi, na yuko mwenye la tatu ambaye hasumbuki.

Inasababishwa na nini?

Kubwa kuliko yote ni kujikamua: choo kigumu, kusukuma kwa nguvu, na kukaa chooni muda mrefu. Simu imeongeza hilo la mwisho. Mtu anamaliza haja dakika ya pili, anaendelea kukaa dakika ishirini akisoma ujumbe, na muda wote huo vitakia vinajaa damu huku havina kinachovishikilia kutoka chini. Kuhara kwa muda mrefu nako huchangia, vilevile ujauzito, unene na umri.

Pilipili haileti bawasiri, ingawa inaweza kuwasha wakati wa kutoka, hasa kama kuna mchaniko (ngozi ya njia ya haja iliyochanika). Kukaa kwenye jiwe la moto au sakafu ya baridi hakuhusiki. Madereva wa malori na bodaboda huambiwa ni kiti. Mara nyingi zaidi ni kubana haja kwa saa nyingi na kukwepa kunywa maji ili wasisimame njiani.

Nimeona damu. Nitajuaje kama ni bawasiri?

Kwa kuiangalia peke yake huwezi kuwa na uhakika, na hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu inayong'aa, inatoka mwishoni mwa haja, inadondoka chooni au kuonekana kwenye maji ya kujitawaza, na haijachanganyika na choo.

Damu yenye sura nyingine inahitaji uchunguzi. Choo cheusi kama lami na chenye harufu kali kinaonyesha damu imetoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba (vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mwambie daktari unachomeza). Damu iliyochanganyika na makamasi, tumbo kusokota na kwenda haja mara nyingi huelekea zaidi kwenye kuhara damu, iwe kwa bakteria au amiba. Anayeishi au aliyewahi kuishi kando ya Ziwa Victoria, Tanganyika au Albert apimwe kichocho cha tumbo, kwani vimelea vyake huweza kutoa damu kwenye choo kwa miezi. Kichocho hicho kikikaa miaka huharibu mishipa ya ini, presha ya damu ndani ya mishipa hiyo ikapanda, na presha hiyo inaweza kuvimbisha mishipa ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) ikafanana na bawasiri. Mishipa ya namna hiyo haikatwi wala kufungwa kama bawasiri ya kawaida. Inaweza kumwaga damu vibaya. Mwenye historia ya tumbo kujaa maji, wengu kubwa au kutapika damu aseme kabla hajaguswa.

Halafu kuna saratani ya utumbo mpana na puru. Muone daktari bila kuchelewa ukiwa na mojawapo ya haya: umri wa miaka 45 au zaidi na damu imeanza hivi karibuni, ratiba ya choo imebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, unapungua uzito bila kutaka, unahisi haja haijaisha hata baada ya kumaliza, una upungufu wa damu, au ndugu wa karibu aliugua saratani hiyo. Kuwa na miaka 30 hakukuondolei hatari. Na kuwa na bawasiri inayoonekana hakuzuii kuwa na uvimbe mwingine juu yake. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Mimi sina damu nyingi, ila nikienda haja ni kama nimekatwa na wembe.

Huo mara nyingi ni mchaniko wa njia ya haja kubwa. Maumivu huanza choo kinapopita, yakaendelea dakika au hata saa kadhaa baadaye, na damu huwa kidogo. Kulainisha choo na kukaa kwenye maji ya uvuguvugu husaidia, lakini mchaniko sugu una dawa zake za kupaka zinazolegeza msuli, na krimu ya bawasiri haitaumaliza. Maumivu yanayodunda usiku na mchana, pamoja na homa, ni jipu. Hilo linapasuliwa na kutolewa usaha. Antibiotiki peke yake haitoshi.

Kauvimbe kagumu ka rangi ya zambarau kametokea ghafla na siwezi kukaa.

Damu imeganda ndani ya bawasiri ya nje. Maumivu hufika kileleni ndani ya siku mbili au tatu, kisha hupungua, na uvimbe hunywea ndani ya wiki moja hadi mbili, ukiacha pengine kijinyama cha ngozi kisicho na madhara. Ukiwahi ndani ya saa 72 na maumivu ni makali, daktari anaweza kukiondoa chote kwa ganzi ya sindano. Kiondolewe, kisitumbuliwe tu: ukipasua na kukamua, damu huganda tena palepale. Ukiwa umeshapita siku ya tatu na maumivu yanashuka, ni bora kuacha kiishe chenyewe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 kila mara, maji ya uvuguvugu, na parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Epuka dawa zenye kodeini, kwani zinafunga choo.

Nianze na nini nyumbani?

Na choo chenyewe. Kabla ya krimu, kabla ya sindano, kabla ya kisu. Majaribio ya tiba yaliyolinganishwa pamoja yameonyesha kwamba makapimlo (nyuzinyuzi za chakula) hupunguza uvujaji damu wa bawasiri kwa karibu nusu, na hakuna krimu yenye rekodi kama hiyo.

Lengo ni gramu 25 hadi 30 za makapimlo kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 11 hadi 13. Choroko kikombe kimoja, takriban 15. Nusu parachichi, 5 hadi 7. Kiazi kitamu cha wastani na ganda lake, 4. Chungwa moja, 3 (ule nyama yake, juisi haihesabiki). Badili ugali wa sembe kwa dona, kwa kuwa sembe imekobolewa pumba. Chai na maandazi asubuhi, wali na nyama mchana, chipsi usiku: siku nzima hiyo haifikishi hata nusu ya kinachotakiwa, na ndiyo siku ya watu wengi wa mjini.

Chakula kisipotosha, maganda ya isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi) yanapatikana kwenye maduka mengi ya dawa. Anza na kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji ya mililita 250, koroga na unywe papo hapo kabla hayajawa mazito, kisha unywe glasi ya pili ya maji matupu. Baada ya wiki, ongeza iwe asubuhi na jioni. Dawa nyingine zimezwe saa mbili mbali nayo. Asiyeweza kumeza vizuri, au mwenye kuziba kwa utumbo, asiitumie.

Makosa mawili hufanya watu waseme "nimejaribu, haikusaidia". La kwanza ni kuongeza nyuzinyuzi bila maji. Choo kinakuwa kikubwa na kikavu, hali inazidi. Kunywa lita 2 hivi kwa siku, zaidi ukiwa na kazi ya jua (mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiwango alichopewa). La pili ni haraka. Ukiongeza zote siku moja tumbo litajaa gesi na utaacha. Panda polepole kwa wiki moja au mbili, na upe mpango huo wiki sita kabla ya kuuhukumu.

Choo kikiwa kimeshakuwa kigumu mno, laktulosi mililita 15 mara mbili kwa siku hukilainisha baada ya siku moja au mbili. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku hufaa kwa siku chache tu.

Kisha namna ya kujisaidia. Nenda haja inapokuita, hasa baada ya kifungua kinywa, usiibane. Kwenye choo cha kukaa, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, magoti yapite kiuno, uinamie mbele. Choo cha kuchuchumaa kinakupa mkao huo bure. Dakika 3 hadi 5 zikipita bila kitu, inuka, urudi baadaye. Simu ibaki nje.

Maji ya moto kwenye beseni yanasaidia?

Ya uvuguvugu, ndiyo. Ya moto, hapana. Jaza beseni safi kiasi cha kufunika makalio, maji ya nyuzijoto 37 hadi 40, yaani kiwiko kikiingia kisishtuke. Kaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya kila haja. Msuli hulegea, na maumivu hupungua. Chumvi si lazima. Dawa za kuua vijidudu za kusafishia vidonda zisitiwe, zinaunguza ngozi. Kuchuchumalia sufuria ya mvuke kumewaletea watu malengelenge mahali pabaya.

Kujitawaza kwa maji ni bora kuliko karatasi kavu. Sabuni yenye manukato iepukwe. Kausha kwa kugusagusa, usisugue.

Krimu na vidonge vya kuingiza vina kazi gani?

Vinatuliza. Havirudishi kitakia kilicholegea. Vyenye lidokeini hufisha maumivu na muwasho kwa muda. Vyenye haidrokotizoni hupunguza uvimbe. Tumia kiasi kidogo mara mbili kwa siku, si zaidi ya siku 7 kwa vyenye haidrokotizoni, kwani matumizi marefu huchakaza ngozi, na ngozi nyembamba huwasha zaidi. Hapo mtu huongeza krimu, na mzunguko unaendelea. Kama kinachokusumbua ni muwasho tu, mafuta mazito ya kupaka yasiyo na manukato yanatosha kwa wengi.

Kuna pia vidonge vya diosmini na hesperidini. Kwa shambulio la ghafla, vya miligramu 500 humezwa 6 kwa siku kwa siku 4, kisha 4 kwa siku kwa siku 3, vikigawanywa pamoja na chakula. Hupunguza damu na uvimbe kwa baadhi ya watu. Si mbadala wa kurekebisha choo.

Na dawa za mitishamba?

Zitenganishe. Jeli safi ya mshubiri juu ya ngozi ya nje haina madhara kwa wengi na hutuliza kidogo. Majani ya sanamaki (senna) hulainisha choo kweli, lakini ukiyazoea kila siku tumbo huharisha na kusokota, na kuhara nako huchokoza bawasiri.

Hatari iko kwenye vya kuunguza: unga au dawa ya kupaka inayofanya "kinyama kikauke na kudondoka", na sindano zisizojulikana zilizomo nini. Haviunguzi bawasiri peke yake. Ngozi na msuli huungua pia, kovu hukaza, na njia inabana mpaka choo kinatoka chembamba kama penseli. Kurekebisha kovu hilo ni kazi ngumu kuliko bawasiri yenyewe. Kitunguu saumu kuingizwa ndani nacho huunguza.

Ni kweli inaondoa nguvu za kiume, inaleta ugumba au inageuka saratani?

Hapana kwa yote matatu. Matangazo ya dawa yanapenda sana hilo la kwanza, kwa sababu linauza. Mishipa ya bawasiri siyo inayosimamisha uume. Mwanamume mwenye maumivu, hofu na upungufu wa damu anaweza kukosa hamu, na hiyo hurudi akitibiwa. Tatizo la nguvu likiendelea, apimwe kisukari na presha.

Nina mimba ya miezi minane na imetoka.

Ni kawaida miezi ya mwisho: mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa, homoni zinalegeza utumbo, na vidonge vya chuma vinakausha choo. Usiache vidonge hivyo kimyakimya. Mwambie mkunga kliniki, anaweza kukubadilishia aina au ratiba. Lalia ubavu wa kushoto, fuata mpango wa makapimlo na maji, tumia beseni la uvuguvugu. Isabgol na laktulosi kwa kawaida ni salama kwa mjamzito. Krimu na vidonge vingine ulizia kwanza. Nyingi hunywea wiki chache baada ya kujifungua, kwa hiyo upasuaji husubiri isipokuwa kwa dharura.

Ramadhani inakaribia. Nitafunga vipi?

Tatizo ni maji na futari ya kukaanga. Gawa maji glasi moja moja kati ya futari na daku badala ya kuyamwaga yote alfajiri. Tende, kunde, maharage ya nazi, viazi vitamu na matunda viwe vingi kuliko sambusa na bajia. Isabgol inywewe baada ya futari, isinywewe dakika za mwisho za daku. Ukiwa unavuja damu kila siku, pima wingi wa damu kabla ya mwezi kuanza.

Mtoto wangu ana nyama inayotoka akienda haja.

Bawasiri kwa watoto ni nadra. Mara nyingi hiyo ni puru yenyewe inayotoka, na nyuma yake kuna kuhara, minyoo, utapiamlo au choo kigumu. Mpeleke kituo cha afya. Usimtumie dawa za bawasiri za watu wazima.

Nikienda hospitali nitafanyiwa nini?

Utaulizwa maswali, utalala kwa ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa, daktari ataangalia nje, kisha ataingiza kidole chenye glavu na jeli. Bawasiri ya ndani ni laini, kidole hakiioni vizuri. Kazi ya kidole ni kutafuta uvimbe mgumu. Ili kuiona hutumika kifaa kifupi chenye taa, dakika mbili au tatu. Una haki ya kuomba msindikizaji au muuguzi awepo. Aliyepewa dawa za bawasiri bila kukaguliwa hata kidogo hajachunguzwa. Dalili za hatari zikiwepo, utapewa rufaa ya kipimo cha kamera ya utumbo mpana.

Kufungwa mpira ni nini?

Ndiyo tiba ya kwanza ya hospitali kwa madaraja ya 1 hadi 3 yasiyotulia kwa chakula. Kupitia kifaa kile kifupi, kitakia kinavutwa na kipira kidogo kinabanwa kwenye shina lake, juu ya ule mstari wa maumivu. Damu haifiki tena, nyama inakauka, na inadondoka baada ya siku 5 hadi 10. Hulazwi. Utahisi kujaa, kama haja imekubana, kwa siku moja au mbili. Ukisikia maumivu makali mara tu kipira kinapokaa, sema hapohapo: kimewekwa chini mno na kinatakiwa kutolewa. Damu kidogo siku nyama inapodondoka ni ya kawaida.

Taja mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli au wafarini. Kipindi cha hatari ya kuvuja damu ni wiki mbili, kwa hiyo usipange safari ndefu vijijini katikati yake. Ufungaji wenyewe mara nyingi hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, karibu nusu ya waliofungwa mpira walirudiwa na tatizo ndani ya mwaka mmoja. Pasipo na vipira, sindano ya fenoli ya asilimia 5 kwenye mafuta hutumika kwa madaraja madogo.

Upasuaji unahitajika lini, na baada yake inakuwaje?

Daraja la 4, la 3 lisilotulia kwa mpira, bawasiri ya nje na ndani zilizoungana, au damu inayokushusha wingi wa damu kila mara. Hufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo au nusu kaputi. Njia ya kukata ina uwezekano mdogo zaidi wa tatizo kurudi. Ya kubana kwa mashine huuma kidogo mwanzoni lakini hurudi zaidi.

Maumivu ni ya kweli, yakiwa makali wiki ya kwanza, na haja ya kwanza ndiyo inayoogopwa. Anayeiahirisha kwa hofu anaifanya iwe mbaya: anza laktulosi siku ya upasuaji, meza dawa ya maumivu nusu saa kabla, kaa kwenye beseni baadaye. Rudi kwenye kazi za mezani baada ya wiki 2 hivi, kubeba mizigo baada ya wiki 4 hadi 6. Usiku wa kwanza wengine, hasa wanaume, hushindwa kukojoa na huhitaji mpira wa mkojo. Damu nzito inaweza kutoka kati ya siku ya 7 na ya 14, hata kwa aliyekuwa anaendelea vizuri.

Ni wakati gani wa kwenda usiku huuhuu?

Damu inatoka bila kukoma, au unaona kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Bawasiri imetoka, inauma, hairudi, na inageuka nyeusi. Umefungwa mpira au kufanyiwa upasuaji, sasa una homa, maumivu yanazidi na mkojo hautoki. Homa, maumivu na mkojo kutotoka vikija pamoja ni dalili ya maambukizi mazito ya nyonga, na asubuhi ni mbali. Ukiwa njiani na bawasiri iko nje, lala kifudifudi au kwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, weka kitambaa chenye maji baridi, na usile chochote, kwa kuwa huenda ukahitaji nusu kaputi ukifika.